Multimita Hukupa Wastani, Osiloskopu Hukuonyesha Wimbi

Weka multimita kwenye pini namba 9 ya Arduino Uno uliyoiamuru itoe nusu ya nguvu yake, nayo itakusomea volti 2.5. Namba hiyo si ya uongo, lakini pini yenyewe haitulii kwenye volti 2.5 hata kidogo. Inapanda hadi volti 5, inakaa hapo kama milisekunde moja, inashuka hadi sifuri na kukaa muda uleule, kisha inarudia mara 490 kila sekunde. Multimita imetimiza wajibu wake, yaani kutoa wastani. Anayetaka kujua umeme ulivyopanda na kushuka ndani ya sekunde hiyo anahitaji osiloskopu.

Kioo cha osiloskopu ni grafu. Kutoka chini kwenda juu unasoma volti. Kutoka kushoto kwenda kulia unasoma muda. Mwanafizikia wa Kijerumani, Karl Ferdinand Braun, alibuni mrija uliowezesha jambo hilo mwaka 1897, na kwa miaka mingi iliyofuata kifaa hiki kilikuwa sanduku zito lisilobanduka mezani. Mwaka 1991 kampuni ya Fluke ilitoa ScopeMeter, iliyounganisha osiloskopu na multimita katika kifaa cha kushika mkononi. Leo vifaa vya bei nafuu zaidi, kama Hantek 2D42 na FNIRSI 2C23T, hutumia betri na hubeba kazi tatu: osiloskopu ya njia mbili, multimita, na jenereta ya mawimbi. Faida yake kubwa ni kwamba kazi hizo tatu husaidiana katika tatizo moja.

Chukua amplifaya ndogo ya transfoma inayovuma hata ukishusha sauti yote. Ndani yake kuna daiodi nne na kapasita kubwa, tuseme ya mikrofaradi 4700. Umeme wetu wa hezi 50 ukipita kwenye daiodi hizo unakuwa mapigo 100 kwa sekunde, na kapasita ndiyo inayojaza mabonde kati ya pigo na pigo. Saketi ikivuta nusu ampea, kapasita nzima huacha kiwimbi cha volti 1 hivi. Ikizeeka na kupoteza nusu ya uwezo wake, kiwimbi kinafika volti 2. Multimita haitalipigia kelele jambo hilo, kwa sababu wastani umeshuka kwa nusu volti tu. Fundi atasema umeme wa leo ni mdogo, kisha ataanza kubadilisha transista zisizo na kosa.

Sasa leta osiloskopu. Bana klipu ya arthi kwenye upande hasi wa kapasita, gusa upande chanya kwa ncha ya probu, halafu chagua AC ili volti tulivu zizuiwe na kibaki kiwimbi peke yake. Weka nusu volti kwa kila mraba wa wima na milisekunde 5 kwa kila mraba wa ulalo. Utaona meno ya msumeno: yanapanda kwa ghafla, yanateremka polepole, na kati ya jino na jino kuna miraba miwili, yaani milisekunde 10. Jino likiwa na urefu wa miraba minne, hizo ni volti 2. Zima amplifaya, ondoa chaji, lehemu kapasita nzima sambamba na ile ya zamani, yenye volti zinazofaa na ncha zake zikielekea sawa, kisha washa tena. Meno yakifupika, mgonjwa amepatikana.

Mvumo ukiendelea ilhali umeme wa DC ni safi, ni zamu ya jenereta. Iamuru itoe wimbi laini la kilohezi 1 lenye milivolti 100, liingize kwenye mlango wa amplifaya, kisha lifuate kwa probu hatua kwa hatua kuelekea spika. Mahali ambapo wimbi linapotea, au vichwa vyake vinakatwa vikawa bapa, ndipo pa kuchunguza. Rezista na daiodi za hapo utazipima kwa multimita baada ya kuzima umeme.

Kitu kinachowakatisha tamaa wanaoanza ni triga. Picha ikikimbia ovyo kiooni, wengi hudhani kifaa ni kibovu, kumbe hakijaambiwa kianzie wapi kuchora. Kwa Arduino ya volti 5, weka triga kwenye volti 2.5, wimbi likiwa linapanda, na picha itatulia. Vifaa vingi vina hali tatu: ya kujiendesha, ambayo huchora hata pasipo na wimbi, ya kawaida, ambayo husubiri wimbi lifike kiwango ulichoweka, na ya mara moja, ambayo hunasa tukio moja na kusimama. Hiyo ya tatu ni hazina. Bonyeza kitufe cha saketi yako mara moja, na unaweza kuona volti ikirukaruka kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia, kwa sababu vyuma vya kitufe hudundana vinapokutana. Hapo utaelewa kwa nini programu yako ilihesabu mibonyezo mitatu. Vilevile, data iliyotumwa kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde hutumia mikrosekunde 104 kwa kila biti. Ukipima 52, mtumaji yuko kwenye 19200, na herufi za ajabu kwenye kompyuta yako zimepata maelezo.

Hata hivyo, osiloskopu nayo hudanganya, na humdanganya zaidi asiyejua mipaka yake. Mpaka wa kwanza ni upana wa masafa. Kifaa cha megahezi 10, kama 2C23T, kikipewa wimbi laini la megahezi 10 huonyesha takriban asilimia 70 ya kimo chake halisi, na wimbi la mraba la kasi hiyo hulichora likiwa limelainika kama limesuguliwa. Ukitaka umbo la kuaminika, tafuta kifaa chenye upana mara tano ya masafa unayopima. DSO138, ile ya kujiunganishia mwenyewe, huishia kilohezi 200. Inafaa kwa sauti na masomo.

Mpaka wa pili ni idadi ya sampuli. Kifaa kikichukua sampuli 100,000 kwa sekunde wakati wimbi ni la kilohezi 99, kioo kitakuonyesha wimbi safi la kilohezi 1 ambalo halipo duniani. Unapopunguza kasi ya ulalo, vifaa vingi hupunguza sampuli kimyakimya, kwa hiyo ukitilia shaka picha, ongeza kasi uone kama masafa yatabaki yaleyale.

Mpaka wa tatu ni probu. Swichi yake ikiwa kwenye 10X, iweke menyu ya kifaa kwenye 10X pia, la sivyo kila namba itakosewa mara kumi. Hali ya 10X hupunguza mzigo juu ya saketi na hupitisha masafa mengi kuliko 1X. Ukiwa kwenye 1X, probu yenyewe inaweza kusimamisha kristali ya megahezi 16 unayotaka kuipima.

Usalama hauna mjadala. Volti 230 za ukutani ni wastani wa aina yake. Kilele chake kinafika volti 325. Vifaa vingi vidogo kwenye 1X havivumilii zaidi ya makumi ya volti, kwa hiyo soma kikomo katika kitabu chake kabla ya kugusa chochote. Katika adapta za kisasa zisizo na transfoma kubwa, kapasita ya upande wa ukuta hubeba karibu volti hizo 325, na huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Klipu ya arthi ukiibana mahali penye umeme huo, chuma cha soketi ya probu na mlango wa USB navyo vinakuwa na umeme, na klipu za njia zote mbili mara nyingi zimeunganishwa ndani. Pima kwa kutumia betri ya kifaa, usipime kikiwa kwenye chaja au kompyuta, na upande wa ukuta uachie mwenye mafunzo na vifaa vya kazi hiyo.

Je, ununue? Kama huna multimita nzuri, anza na hiyo. Kama unatengeneza vifaa vya sauti, vyanzo vya umeme na saketi za Arduino, kifaa cha mkononi cha megahezi 10 chenye njia mbili kinatosha, na cha megahezi 40 kitakupa nafasi ya kukua. Kama shabaha yako ni redio ya FM, inayofanya kazi kati ya megahezi 88 na 108, hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachokufaa. Weka fedha zako hadi upate cha mezani chenye upana wa kutosha.