Cheti cha Jirani: Ugonjwa, Vipimo na Mpaka wa Namanga

Kutoka Kwa Mrombo, kusini mwa jiji la Arusha, hadi mpakani Namanga ni mwendo wa kilomita zipatazo 110. Umbali huo ni mdogo kuliko unavyodhaniwa. Jina lenyewe la mtaa huo lina maana ya mtu wa Rombo, wilaya ya Kilimanjaro inayopakana na Kenya. Na nyanya za miteremko ya Meru, pamoja na vitunguu vya Mang'ola, vimezoea kuvuka mpaka kwa malori kwenda kulisha Nairobi. Mwezi Mei 2020 malori hayo yalisimama Namanga katika misururu mirefu. Madereva na matingo wao walilala barabarani, na nyanya, kama ijulikanavyo, haisubiri mazungumzo ya mawaziri.

Yafaa msomaji akumbuke jinsi mambo yalivyoanza. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alikuwa abiria aliyewasili kutoka Ubelgiji tarehe 15 Machi 2020 na kutambuliwa hapa hapa Arusha. Siku mbili kabla yake Kenya ilikuwa imetangaza mgonjwa wake wa kwanza. Nchi mbili zilizopatwa kwa wakati mmoja zilifuata njia tofauti: Kenya iliendelea kutangaza idadi ya wagonjwa kila siku, lakini Tanzania iliacha kutangaza, idadi ikiwa imefikia 509. Tarehe 12 Mei viongozi wa Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini walishauriana kwa njia ya video. Tanzania na Burundi hazikuwemo, ingawa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo Arusha. Tarehe 16 Mei Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania, ikaruhusu malori ya mizigo tu, tena kwa dereva aliyepimwa na kuonekana hana virusi. Muda si mrefu mamlaka za upande wa Tanzania nazo zikayazuia malori ya Kenya.

Hapo ndipo sayansi ilipoingia katika siasa. Madereva waliotangazwa na Kenya kuwa na virusi walipimwa tena upande wa Tanzania, wakatangazwa kuwa hawana. Wengi walisema kwamba lazima upande mmoja ulikuwa unadanganya. Je, ni lazima?

Kipimo kilichotumika huchukua majimaji ya puani au kooni, kikatafuta humo chembe za urithi za kirusi. Kwa kuwa chembe hizo huwa chache mno, mashine huzirudufu kwa mizunguko: moja huwa mbili, mbili huwa nne, na baada ya mizunguko 30 chembe moja imezidi bilioni moja. Mwanafunzi anaweza kuthibitisha hesabu hiyo mwenyewe. Sasa, maabara moja ikikubali jibu linalojitokeza katika mzunguko wa 38, na nyingine ikakomea wa 35, mtu yule yule aweza kupewa majibu mawili. Sampuli iliyochukuliwa vibaya, au iliyokaa juani, hupoteza chembe zake. Zaidi ya hayo, mgonjwa wa Jumatatu huenda akawa amepona ifikapo Jumatatu ya pili. Mimi sidai kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kila jibu la Namanga. Nasema tu kwamba majibu mawili yaliyopingana hayakutosha kumfanya jirani kuwa mwongo.

Mwishoni mwa Mei mawaziri wa nchi hizo mbili walikutana Namanga, wakakubaliana kwamba kila nchi ipime madereva wake kabla ya safari, na cheti kidumu siku 14. Mapatano hayo hayakutuliza mambo yote. Kenya ilipoiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawangewekwa karantini, Tanzania ilizuia ndege za Kenya Airways tangu Agosti hadi katikati ya Septemba 2020. Wakati huo huo Ulaya na Marekani zilikuwa zimejifungia: watalii waliokuja Tanzania walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020, na Arusha, mji wa safari za mbugani, iliumia kuliko miji mingi.

Mgogoro wa namna hii si mpya. Nchi 12 zilikutana Paris mwaka 1851 kujadili karantini za kipindupindu zilizokuwa zikichelewesha meli, na zikashindwa kupatana, kwa kuwa hazikukubaliana hata juu ya jinsi ugonjwa unavyoenea. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinataka hatua za kinga zisizuie biashara kupita kiasi kinachohitajika. Kiasi hicho ni kipi, hakuna mizani inayokionyesha.

Ujerumani iligharimia maabara tembezi 9 kwa Jumuiya, katika mradi ulioanza kabla ya korona, kwa kuhofia Ebola. Shabaha ilikuwa kwamba nchi wanachama zipime kwa vifaa na taratibu zinazofanana. Mwezi Januari 2025, homa ya Marburg ilipozuka Kagera, karibu na Rwanda, Burundi na Uganda, sampuli ilipimwa katika maabara tembezi ya Kabaile mkoani humo na kuthibitishwa Dar es Salaam. Rais alitangaza matokeo tarehe 20 Januari, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani akiwa kando yake, na Shirika hilo likashauri biashara na safari zisizuiwe.