Mahindi: Mgeni Aliyegeuka Mwenyeji wa Trans Nzoia

Mtu akisema nyumbani kwake hakuna unga, hakuna mkazi wa Trans Nzoia anayeuliza ni unga gani. Miaka mia moja na ushee iliyopita swali hilo lingehitaji jibu. Ugali wa magharibi mwa Kenya ulisongwa kwa wimbi na mtama. Mahindi yalikuwepo, lakini kwa uchache, zaidi ya kuchoma na kuchemsha kuliko ya kujaza ghala.

Zao hili ni la Meksiko, ambako wenyeji waliliendeleza kutokana na nyasi ya porini miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Lilifika pwani ya Afrika Mashariki baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi, katika karne ya 16. Waswahili walilihusisha na India, ndiyo maana likaitwa mahindi, ingawa asili yake si huko.

Lililolifanya zao la bara ni biashara. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walowezi waligawiwa mashamba makubwa katika eneo hili, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Viwanda vya wanga Uingereza vililipa bei nzuri zaidi kwa mahindi meupe, basi walowezi wakapanda meupe. Mapendeleo ya Wakenya ya unga mweupe yana mizizi katika soko hilo la ng'ambo. Njaa ya 1984 ilipoleta mahindi ya manjano kutoka nje, wengi waliyala kwa shingo upande, ingawa kwa lishe hayana upungufu wowote.

Vibarua wa mashambani na wa reli walipewa unga wa mahindi kama sehemu ya ujira. Neno posho lilimaanisha mgao wa chakula. Baadaye likawa jina la unga wenyewe, na hadi leo kinu cha kijijini kinaitwa cha posho. Faida haikugawanywa sawasawa. Udhibiti wa mahindi ulipoanzishwa mwaka 1942, mlowezi alilipwa kwa kila gunia bei ya juu kuliko mkulima Mwafrika, kwa nafaka ile ile.

Mabadiliko yaliyomfaa mkulima mdogo yalitoka hapa hapa Kitale. Utafiti wa kuboresha mbegu ulianza mwaka 1955. Mwaka uliofuata Kampuni ya Mbegu ya Kenya ikaanzishwa, mwanzoni kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho. Watafiti walichukua mahindi yaliyozoea hali ya hewa ya Kitale wakayachanganya na aina iliyoletwa kutoka Ekwado, nchi nyingine yenye nyanda za juu. Matokeo yalikuwa H611, mbegu chotara iliyotolewa mwaka 1964 na kuzaa zaidi sana kuliko zile za awali. Wakulima wadogo hawakuhitaji kubembelezwa. Waliona shamba la jirani, wakaenda dukani.

Mbegu chotara ina sharti moja ambalo bado linawagharimu baadhi ya wakulima. Nguvu yake hutokana na kuchanganya wazazi wawili tofauti, na nguvu hiyo hupungua katika kizazi cha pili. Anayetenga punje za mavuno yake ili azipande msimu ujao hupata mimea isiyolingana, mingine mirefu, mingine dhaifu, na magunia machache. Kwa hivyo mbegu hununuliwa kila mwaka, na kabla ya kuifungua, mnunuzi akwangue kibandiko cha KEPHIS kwenye pakiti na kutuma nambari iliyofichwa kwa ujumbe mfupi hadi 1393 ili kujua kama ni halali.

Hata hivyo, mbegu bora haimalizi kazi. Mwaka 2004, katika kaunti za leo za Makueni na Kitui na maeneo jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ambayo wengi huiita aflatoksini. Kuvu inayotoa sumu hiyo hustawi kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu, na kuchemsha au kusaga hakuiondoi sumu. Trans Nzoia ni baridi kuliko Ukambani, lakini mvua zinazonyesha wakati wa mavuno, kati ya Oktoba na Desemba, huacha magunzi mabichi ghalani.

Kiwango salama ni unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake. Mkulima asiye na kipimo anaweza kuanza na chumvi: atie punje katika chupa kavu ya kioo hadi robo, aongeze vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, atikise vizuri, aache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Isiponata, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi, na bado siku kadhaa za jua juu ya turubai zinahitajika kabla ya kupima kwa mashine.

Kukausha kuna faida ya pili, nayo ni muda. Mwenye mahindi mabichi hulazimika kumuuzia broka Desemba, wakati kila mtu anauza na karo ya Januari inabisha hodi. Kufikia Juni, familia hiyo hiyo inanunua gorogoro sokoni kwa bei ya juu. Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2019 ilikusudiwa kuvunja mzunguko huo. Mkulima hupeleka mahindi makavu, yaliyopimwa, kwenye ghala lililosajiliwa na kupewa stakabadhi. Anaweza kuitumia kama dhamana ya mkopo wa karo, na mahindi yakabaki yake hadi bei ipande. Gunia lenye unyevu kupita kiwango halifai kuwekwa ghalani humo.