Mafuta, Vijidudu vya Tumbo na Furaha ya Moyo

Wakulima wa skimu wanajua ya kuwa ng'ombe wa gredi aliyezoea majani, akipewa ghafula unga mwingi wa mahindi, huugua na maziwa hupungua. Sababu yake ni vijidudu vilivyomo tumboni, vinavyomsaidia kusaga majani. Chakula kikigeuka, vijidudu navyo hugeuka.

Binadamu naye ana vijidudu vyake, hasa katika utumbo mpana. Vile vyema hula nyuzinyuzi za maharagwe, mboga na mahindi yasiyokobolewa, kisha hutoa asidi iitwayo butireti, inayolisha ngozi ya ndani ya utumbo. Mafuta yakizidi na nyuzinyuzi zikipungua, vijidudu hivyo hukosa chakula.

Jambo hili lilipimwa, na habari zake zikatangazwa mwaka 2015. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa mashambani Afrika ya Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki 2. Wamarekani walipokula nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache, butireti yao iliongezeka zaidi ya maradufu. Waafrika walipopewa nyama na mafuta mengi, yao ilishuka hata nusu. Wiki 2 tu!

Je, haya yahusianaje na furaha? Utumbo na ubongo vimeunganishwa kwa mshipa wa fahamu, na hupelekeana habari. Huko Australia, katika jaribio lililotangazwa mwaka 2017, watu 67 wenye ugonjwa wa huzuni waligawanywa mafungu mawili. Wengi wao walikuwa wakiendelea na matibabu. Fungu moja lilifundishwa kula mboga, maharagwe, samaki na mafuta ya zeituni, na kupunguza vitu vya kukaanga na vya sukari. Baada ya wiki 12, karibu theluthi yao walipata nafuu kamili. Katika fungu la pili, lililopewa mtu wa kuzungumza nao tu, walikuwa 8 katika kila 100.

Mafuta si adui; mwili wayahitaji. Shida ni kwamba fedha za maziwa zikiingia, wengine huacha githeri na kula chapati na viazi vya kukaanga kila siku. Basi, bwana na bibi mkulima, fanyeni hivi:

1. Pikeni githeri, maharagwe na sukuma wiki mara kwa mara, kwa mafuta kidogo.
2. Nunueni omena, mafuta yake ni mema kwa ubongo.
3. Vitu vya kukaanga viwe vya sikukuu.

Mtu mwenye huzuni isiyokwisha asingoje chakula kimponye, aende zahanati. Lakini kila jioni itazameni sufuria ya nyumbani kama mnavyolitazama hori la ng'ombe.