Mpaka ukifungwa, kazi ya mzazi inakuwaje?

Asubuhi baba anawaaga watoto, anavuka mpaka kwenda ofisini. Jioni anarudi na mkate. Siku serikali mbili jirani zikikorofishana, geti linashushwa, na mkate unabaki upande wa pili pamoja na baba.

Mambo haya yametokea karibu. Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wake na Uganda pale Gatuna, uhusiano wa Kigali na Kampala ulipoharibika. Ulifunguliwa tena Januari 31, 2022. Mtoto aliyezaliwa siku ulipofungwa alikuwa akikimbia na kuongea ulipofunguliwa. Januari 2024, Burundi nayo ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda.

Kwa dereva wa lori au mama anayeuza nyanya mpakani, geti likifungwa riziki imekatika. Mhasibu, mfasiri au mtaalamu wa kompyuta ana nafuu, maana kazi yake inaweza kumfuata nyumbani. Ila hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mwajiri anaweza kusema hukufika kazini, hivyo mshahara hakuna. Mfanyakazi naye anadhani kwa kuwa kompyuta imewashwa, yuko salama.

Sheria inasemaje? Tanzania, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, ikiwemo mahali pa kazi. Yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Kenya, kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema hivyo hivyo. Maana yake, bosi habadilishi kimyakimya, na mfanyakazi naye hajiamulii peke yake kufanyia kazi sebuleni.

Kwa hiyo mzazi anayevuka mpaka aombe mapema barua fupi yenye majibu haya: mpaka ukifungwa, ataruhusiwa kufanyia kazi nyumbani kwa muda gani? Mshahara utabaki uleule? Bando na umeme ni juu ya nani? Saa za kazi zinaisha lini, ili watoto nao wapate zamu yao? Aulize pia kuhusu kodi na michango ya hifadhi ya jamii, maana kufanya kazi ukiwa nchi nyingine kunaweza kubadili hesabu.

Nyumbani nako pawe na mpango. Nani atamchukua mtoto shuleni mzazi akikwama ng'ambo? Vyeti vya kuzaliwa viko wapi? Kuna akiba ya wiki mbili?

Mazungumzo na bosi huenda yasizidi nusu saa. Geti likiwa wazi, ni mazungumzo ya kawaida tu. Likishafungwa, yanakuwa maombi ya huruma, na watoto wanasubiri chakula.