Wasia si uchuro

Huku kwetu Mombasa, mzee akitaja wasia watoto humkatiza: "Baba, wacha uchuro." Basi mambo hulala mpaka baada ya hitima, ndipo watu waanze kuulizana hati ya nyumba iko kwa nani.

Wengine husema Mwislamu hana haja ya wasia, kwa kuwa mirathi imeshagawanywa katika Suratun Nisaa. Mafungu ni kweli hayaguswi. Lakini aya hizo hizo, ya 11 na ya 12, zasema mgao ni baada ya wasia na deni. Wasia mwisho wake ni thuluthi ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, na mrithi hausiwi ila wenzake waridhie.

Thuluthi hiyo, kwa maoni yangu, wa kwanza kufikiriwa ni mjukuu yatima. Mwanao akifa kabla yako akaacha watoto, na wewe una wana wengine wa kiume walio hai, watoto wale hawakurithi. Ami zao wamewazuia, na hapo hakuna aliyedhulumu. Mtoto amelelewa nyumba ya babu tangu kuzaliwa, babu akifa hana hata chumba! Kumbe mali ikibaki shilingi milioni 3, babu angeweza kumwandikia hadi milioni 1. Mtoto wa kulea naye ni vivyo hivyo.

Andika pia madeni. Mahari ambayo mkeo hujamlipa ni deni, mbali na fungu lake la urithi. Na kama yako ni nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi mitaani mwetu, sema hivyo wazi. Usije ukawausia watu kiwanja cha mwenyewe. Weka mashahidi wawili wasiopokea chochote katika wasia huo.

Sasa wasii. Mazoea yetu ni kumpa mtoto wa kwanza wa kiume, au yule wa Uarabuni mwenye uwezo. Mimi sikubaliani nayo. Wasii ndiye wa kukimbia benki, Mahakama ya Kadhi na ofisi ya ardhi, na kuketi na wadai. Aliye Dubai atayafanya haya kwa simu? Tafuta mwaminifu aliye karibu, ajuaye kuweka hesabu, na awezaye kumwambia kaka mkubwa "hapana" bila kutetemeka. Binti afaa pia: Sayyidna Umar alimwachia bintiye Hafsa usimamizi wa wakfu wake, nasi bado twawaruka mabinti tukiwatafuta wajomba.

Muulize kabla ya kumwandika, maana ana haki ya kukataa. Mtaje na wa pili, lau wa kwanza atakutangulia. Kisha nakala moja akae nayo yeye, na mkeo ajue ya pili iko sanduku gani.