Konokono na Chura wa Matete

Je, umekwisha kumtazama chura mdogo wa matete kando ya ziwa Kivu? Ncha za vidole vyake ni pana, zanata, hata aweza kukaa juu ya jani lililosimama wima wala asianguke. Usiku dume hujaza hewa kifuko cha chini ya koo, akamwita jike. Chakula chake ni wadudu. Wako watu wanaoshtuka akirukia bidoni yao, lakini ugonjwa ninaotaka kukueleza hautoki kwake. Ngozi ya vyura wengine huchoma macho. Ukimshika, nawa mikono, basi.

Sasa tazama chini, kwenye shina la tete lile lile, ndani ya maji. Huenda ukamwona konokono. Huyu hana mifupa kama chura, wala sauti. Ndugu zake wa baharini, kule Mombasa, wengine hawana gamba kabisa, nao wana rangi za kupendeza sana. Wa kuangaliwa huku kwetu ana gamba bapa, limejikunja kama kamba iliyozungushwa chini, upana wake kama ukucha wa kidole gumba. Hamwumi mtu. Hata hivyo yeye ndiye mchukuzi wa bilharzia ya matumbo.

Tena hakuzaliwa nayo. Mgonjwa akienda haja karibu na ziwa, mayai ya mnyoo huingia majini pamoja na mavi. Yakianguliwa, watoto wa mnyoo humwingia konokono, wakaongezeka mle kuwa maelfu. Baada ya mwezi hivi hutoka, hasa mchana jua likiwa kali, wakapenya ngozi ya mtu aliyesimama majini.

Kwa hiyo usidanganyike. Klorini unayotiliwa katika bidoni hukukinga na kolera, lakini haikingi miguu uliyoiingiza ziwani wakati wa kuchota. Usikawie majini, zaidi penye matete. Watoto waoge nyumbani, kwa maji yaliyochemshwa, au yaliyokaa siku mbili katika chombo kisicho na konokono. Na kila nyumba iwe na choo.

Tumbo likikuuma mara kwa mara, au ukihara damu, usingoje mpaka ini na wengu vivimbe. Dawa ni vidonge vya praziquantel, navyo hutolewa kwa kadiri ya uzito wako. Ukija hospitali, leta mavi kidogo katika kopo safi lenye kifuniko, ili mayai yatafutwe kwa darubini.