Mafundi wa Gereji Walioruka Angani

Mtu akitaja chama cha kurusha ndege, mawazo ya wengi wetu huwaendea mara moja mabwana wenye mali, waliokutana siku za mapumziko kwenye uwanja wa nyasi, wakaruka kidogo kujifurahisha kisha wakarudi kunywa chai. Vyama vya namna hiyo vilikuwako. Hapa kwetu Afrika Mashariki walowezi wa Kenya walikuwa na chama chao huko Nairobi tangu mwaka 1927. Leo lakini twapenda kuwaeleza ndugu wasomaji habari za chama cha aina nyingine kabisa, kilichoundwa na mafundi wa magari, wauguzi na walimu, watu waliofukuzwa kwenye kila uwanja walipobisha hodi. Ni chama cha marubani weusi wa Chicago, kilichoitwa Challenger, na mmoja wa waasisi wake kaburi lake liko Addis Ababa.

Yafaa kwanza kuujua mji wenyewe. Tangu miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, Wamarekani Weusi kwa maelfu walilikimbia Kusini, wakaenda kutafuta kazi katika viwanda vya Chicago, machinjioni na kwenye reli. Kazi waliipata, lakini amani hawakuipata. Katika ghasia za mwaka 1919 waliuawa watu 38, na 23 kati yao walikuwa weusi. Miongoni mwa waliohamia mji huo alikuwa msichana wa Texas, Bessie Coleman, aliyefanya kazi ya kutengeneza kucha za wateja katika duka la kinyozi. Alitaka kuwa rubani. Shule zote za Marekani zilimkataa. Bwana Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akampa shauri la kwenda Ufaransa, naye Bessie akajifunza Kifaransa, akaweka akiba, akavuka bahari mwaka 1920. Tarehe 15 Juni 1921 alipata cheti cha urubani, wa kwanza miongoni mwa wanawake weusi wa Marekani. Nia yake ilikuwa kufungua shule ya marubani kwa watu wake. Hakuiona. Tarehe 30 Aprili 1926, huko Jacksonville katika jimbo la Florida, spana iliyoachwa ndani ya ndege ilikwama kwenye mitambo ya usukani; ndege ikapinduka, naye, ambaye hakuwa amejifunga mkanda kwa kuwa alitaka kuinama auchungulie uwanja, akaanguka akafa.

Tumemtaja Bessie kwa sababu waliokuja baada yake walijiona warithi wake. Wakuu wao walikuwa vijana wawili. Cornelius Coffey alizaliwa Arkansas, fundi wa magari, mpole, mtu wa maneno machache. John Robinson alikulia Gulfport katika Mississippi, naye alijifunza ufundi wa magari katika Chuo cha Tuskegee. Walikutana Chicago, wakafanya urafiki juu ya injini, kama mafundi wafanyavyo. Pamoja na wenzao waliunganisha ndege ndogo iliyouzwa kwa vipande, wakaitia injini ya pikipiki, na ikaruka.

Lakini kuruka bila cheti si kazi ya kudumu. Waliomba nafasi katika shule ya ndege ya Curtiss-Wright mjini humo kwa barua, wakakubaliwa, wakalipa ada. Walipofika mlangoni, wenye shule wakaona rangi zao, wakasema nafasi haipo. Robinson alipata kuingia shuleni humo kwa mlango mwingine: alikuwa mfagizi wa usiku, na wasimuliaji wa habari zake hueleza jinsi alivyokuwa akifagia polepole huku akisikiliza mafunzo na kusoma yaliyobaki ubaoni. Tajiri wao, Emil Mack, mzungu mwenye duka la magari, alipopata habari alikasirika, akatishia kuishitaki shule ile kwa kuvunja mapatano. Shule ikaona afadhali kuwapokea. Walihitimu mwaka 1931, na hapo likatokea jambo ambalo hatuwezi kulipita bila kutabasamu: shule ileile iliyowafungia mlango ikawaomba warudi wafundishe darasa la wanafunzi weusi.

Kutokana na darasa hilo na marafiki wao kikaundwa Chama cha Marubani cha Challenger. Wanachama walikuwa na vyeti, walikuwa na ari, lakini hawakuwa na mahali pa kutua. Viwanja vya kandokando ya Chicago havikuwataka. Basi wakaenda Robbins, mji mdogo kusini ya Chicago, uliosajiliwa mwaka 1917 na kuongozwa na watu weusi wenyewe. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1930, walipewa ardhi, wakaifyeka na kuisawazisha kwa mikono yao, wakajenga na banda la ndege. Siku za kazi walikuwa gereji na hospitalini. Siku za mapumziko walikuwa Robbins na majembe. Uwanja huo ulihesabiwa kuwa wa kwanza Marekani kumilikiwa na kuendeshwa na watu weusi. Haukudumu. Dhoruba ya upepo ililivunja banda na kuziharibu ndege zilizokuwamo, na kazi yote ile ikawa vifusi.

Mtu mwingine angelirudi kwenye gari zake. Coffey alikwenda kuonana na ndugu wawili wa jamaa ya Schumacher waliokuwa na uwanja ulioitwa Harlem, kusini-magharibi ya mji, nao wakakubali kuwapa upande wa kusini wa uwanja huo. Hatusemi ulikuwa udugu kamili, kwa maana weusi walikaa upande wao na weupe upande wao. Hata hivyo palipatikana mahali pa kuruka, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ikawako hapo Shule ya Urubani ya Coffey.

Wanawake katika chama hiki hawakuwa wapishi wa karamu. Janet Harmon, ambaye baadaye aliitwa Bibi Bragg, alikuwa muuguzi. Kwa mshahara wa uuguzi alinunua ndege ya kwanza ya kundi hilo, wanaume wakajifunzia humo. Katika miaka ya vita alikwenda Alabama kutafuta cheti cha urubani wa kibiashara. Mtihani wa kuruka aliufanya vizuri, lakini mkaguzi alikataa kumpa cheti mwanamke mweusi. Akarudi Illinois, akafanya mtihani upya, akakipata mwaka 1943.

Willa Brown, mzaliwa wa Kentucky, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuja uwanjani. Alipata leseni yake mwaka 1938, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata ndani ya Marekani yenyewe, maana cheti cha Bessie kilikuwa cha Ufaransa. Bibi huyu aliyajua magazeti na nguvu zake. Mwaka 1936 aliingia katika ofisi ya Chicago Defender akiwa amevaa suruali ya kupandia farasi, koti na buti, vyote vyeupe, na mhariri Enoch Waters ameandika kwamba mashine zote za kupiga chapa zilinyamaza kwa ghafula. Sisi tuliozoea kelele za chumba cha habari twajua maana yake! Alikuja kuwaalika waandishi kwenye maonyesho ya ndege. Waters alikwenda, akakuta watu wapatao mia mbili au tatu, akapandishwa ndege na Willa mwenyewe, na tangu siku hiyo gazeti lile likawa rafiki wa marubani. Willa na Coffey walioana, wakaendesha shule pamoja.

Hapa hatuna budi kumrudia Robinson, kwa sababu habari zake zinaigusa Afrika.

Mwaka 1935 ilikuwa wazi kwamba Mussolini alikusudia kuinyakua Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Kwa njia ya Dakta Malaku Bayen, jamaa wa Mfalme aliyekuwa akisoma Marekani, Haile Selassie alipata habari za rubani wa Chicago, akamwita. Robinson aliwasili mwaka huohuo, akapewa uongozi wa jeshi la anga na cheo cha kanali. Kabla yake alikuwako Mmarekani Mweusi mwingine huko, Hubert Julian, mtu wa mbwembwe na maneno mengi, ambaye mwaka 1930 aliivunja ndege mpya ya Mfalme katika mazoezi ya sherehe za kutawazwa. Robinson hakuwa mtu wa mbwembwe. Alikuta ndege chache, nyingi kuukuu, zisizo na silaha za maana, akazitumia kupeleka barua, dawa na maofisa kwenye nyanja za vita. Tarehe 3 Oktoba 1935, Wataliani walipoanza vita kwa kuupiga Adwa mabomu, yeye alikuwako mjini humo. Coffey na wenzake walitaka kumfuata, lakini serikali yao haikuwaruhusu kwenda. Hivyo rubani mmoja wa chama kile alikabili mamia ya ndege za adui na gesi ya sumu, na ulimwengu ukatazama. Addis Ababa ilianguka tarehe 5 Mei 1936. Robinson aliporudi Chicago mwezi huo, maelfu ya watu weusi walijaa kumlaki.

Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka wazee wa KAR waliosimulia vita vya Gondar vya mwaka 1941, pale Waafrika wa Kenya, Tanganyika na Nyasa walipokuwa katika jeshi lililowatoa Wataliani. Robinson naye alirudi Ethiopia mwaka 1944 kuwafundisha vijana urubani. Wako wasemao kwamba ndiye aliyeanzisha Shirika la Ndege la Ethiopia. Hatuoni kwamba heshima yake yahitaji nyongeza hiyo. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1945 kwa mapatano na kampuni ya TWA ya Marekani. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu, nayo ilitosha. Machi 1954 ndege yake ilianguka Addis Ababa, akafa kwa majeraha, akazikwa huko.

Huku nyuma chama kilikuwa kimekua na kuwa umoja wa nchi nzima. Mei 1939 wawili wa wanachama wake, Chauncey Spencer na Dale White, walikodi ndege kuukuu ya mabawa mawili wakaondoka Chicago kwenda Washington. Injini iliwafia njiani, wakalazimika kutua shambani huko Ohio na kungoja matengenezo. Walifika hatimaye, wakamkuta Seneta Harry Truman, ambaye alitaka aione ndege hiyo kwa macho yake, akaikagua, akashangaa kwamba watu wameisafiria. Mwaka huohuo Bunge lao lilipitisha sheria ya kuwafundisha raia urubani, yenye kifungu kinachokataza mtu kunyimwa mafunzo kwa sababu ya rangi yake. Safari ile si sababu pekee ya kifungu hicho, kwa maana magazeti na vyama vingi vilikuwa vikidai jambo hilohilo. Lakini ni vigumu kumwambia mtu aliyekuja kwa ndege kwamba watu wa rangi yake hawawezi kurusha ndege.

Ushindi huo ulileta ugomvi wake. Mwaka 1941 jeshi la Marekani lilifungua mafunzo ya marubani weusi peke yao huko Tuskegee, mahali ambapo Robinson mwenyewe alikuwa amekwenda mwaka 1934 kuwashawishi wakubwa wa chuo waanzishe shule ya ndege. Karibu marubani 1,000 walifundishwa humo hadi mwaka 1946, na sifa zao vitani zajulikana. Watu wa Chicago walifurahi nusu. Shule ya Coffey ilipokea weusi na weupe, wanaume na wanawake, darasani mamoja. Je, baada ya kutafuta miaka kumi, ilifaa kupokea ndege ya jeshi pamoja na ukuta wa ubaguzi? Wengine walisema bora kukataa mpaka mlango ufunguliwe wote; wengine walisema kijana aliye na mabawa hawezi tena kunyang'anywa. Sisi twaona kwamba wote walikuwa na haki ya kusema walivyosema. Shule ya Coffey ilipeleka wanafunzi wake Tuskegee, na Coffey akaendelea kuchanganya darasa lake. Mwaka 1948 Truman, sasa akiwa Rais, alitoa amri ya kuondoa ubaguzi katika majeshi.

Vita vilipokwisha shule ile ilifungwa. Willa Brown aligombea kiti cha Bunge mwaka 1946, akashindwa, akarudi kwenye ualimu. Alifariki mwaka 1992, naye Bibi Bragg mwaka 1993. Tangu mwaka 1931 marubani wa Challenger, na waliowafuata, wamekuwa wakiruka juu ya kaburi la Bessie Coleman katika makaburi ya Lincoln na kulidondoshea maua.

Coffey aliendelea kufundisha ufundi wa ndege katika shule ya ufundi ya Chicago hadi mwaka 1969, akafa mwaka 1994. Karibu na uwanja wa Midway ipo alama ya njia za angani, mahali ambapo hapana kitu cha kuonekana kwa macho, ambayo ilipewa jina lake. Kwa kuwa majina ya alama hizo ni ya herufi tano tu, ilibidi kumpunguzia moja, ikaandikwa COFEY.